Siku za Mwisho za Kata ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata kazi ya kisomi. Mimi! Niliyeachana na shule kidato cha pili, tena kwa maelewano — wao hawakunitaka, mimi sikuwataka.

Shangazi karudi kutoka Baraza la Jiji, mvua inamtiririka, hata viatu hakuvua. Shangazi ndiye diwani wa Kata ya Tisa, yaani diwani wetu. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule, na mikono ya kukorogea sufuria kubwa bado anayo. Nikajua kuna balaa maana alipita mlangoni bila kunitukana. Kakaa ukingoni mwa kitanda cha Bibi, akasema: wanaifuta.

Nikauliza wanafuta nini, ubao?

“Kata, we zuzu! Kata nzima!”

Eti tume ya mipaka imepiga hesabu zake. Sensa ya mwaka juzi inasema Kata ya Tisa ina watu wachache mno, haistahili kiti barazani. Kwa hiyo tutakatwa vipande viwili kama mkate. Upande wa reli utapewa Kata ya Nane, upande wa bonde utapewa Kata ya Kumi. Sisi ni bonde. Wiki ijayo kuna kikao cha wazi, wananchi wakajitetee. Baada ya hapo ni muhuri tu.

Mimi nikacheka. Nikamwambia si afadhali, apumzike kugombana na meya.

Hakuna aliyecheka. Dada akashika tumbo lake. Ndipo nikakumbuka mkunga.

Sheria ya jiji ni kila kata na mkunga wake. Wa kwetu yuko chumba cha nyuma pale ofisi ya kata, na ni Shangazi aliyempigania mpaka akaletwa. Kata ikifa, mkunga anahamishwa. Wa Kata ya Kumi yuko ng'ambo ya bonde, na mvua hizi daraja halionekani, unaona vyuma vya pembeni tu. Dada anajifungua mwezi ujao. Presha yake iko juu, miguu imevimba hata kandambili za Bibi hazimwingii. Mkunga kasema lazima amwone kila wiki.

Mama yetu alifia ng'ambo hiyohiyo, juu ya mkokoteni. Mtoto naye. Enzi hizo mkunga hatukuwa naye. Basi, niishie hapo.

Kazi yangu: nizunguke nikusanye historia ya kata, ikasomwe kikaoni, tume ijue wanachokiua. Shangazi kasema, “Mdomo unao, sasa angalau mara moja utufae.” Nikakubali kwa sharti kwamba aniite Profesa. Kanipiga kofi la kisogo. Nahesabu hilo kama mkataba.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanzia kwa kinyozi. Tunamwita Wembe. Baba yake na yeye wamenyoa madiwani wote wa kata hii tangu ianze, kwa hiyo anajua vichwa vyao nje na ndani. Anasema ndani hakukuwa na mengi.

Kata ilizaliwa wakati wa kiwanda cha magunia. Wafanyakazi walijaa bondeni, jiji likaogopa wingi wao, likawapa kiti kimoja barazani ili wapigie kelele huko badala ya barabarani. Mpaka ukachorwa kama soksi — kisigino bondeni, mdomo relini. Wembe anasema aliyeuchora hakuwahi kufika, angefika angechora kiatu kizima.

Diwani wa kwanza: fundi cherehani. Alijishonea joho mwenyewe kwa kitambaa cha mapazia, akaleta bomba la maji, akafa. Mtu safi.

Diwani wa pili: Bwana Usingizi. Huyu alikuwa akilala barazani mpaka mate yanamtoka. Siku moja akashtuka, akaona wenzake wamenyoosha mikono, akadhani wanapigia kura mapumziko ya chai. Naye akanyoosha. Kumbe ni kura ya kubomoa nyumba zenye msongamano, katani kwake mwenyewe! Ikapita kwa kura moja.

Nimecheka mpaka nikajikwaruza kwenye mkasi. Wembe hakucheka. Akaendelea kuninyoa, akanipa upara nisiouomba.

Nikamuuliza, sasa mbona tuko wachache? Asubuhi foleni ya choo chetu ni ndefu kuliko ya benki. Ukipiga chafya chumbani kwako, nyumba ya tatu wanakuambia pole.

Akafuta wembe kwenye suruali. “Kamuulize bibi yako.”

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimempeleka Dada kwa mkunga, nimemshika kama yai, yeye ananitukana kwa kila dimbwi. Eti natembea kama askari wa gwaride la vilema. Ulimi wake haujavimba, huo uko sawasawa.

Ofisi ya kata ina ramani ukutani, imeliwa na unyevu, kisigino cha soksi kimeota ukungu wa kijani. Yaani sisi tayari tumeshaoza.

Mkunga kapima, kapima tena. Hakusema kitu mpaka Dada alipotoka kwenda haja. Ndipo akaniambia, wewe kijana, siku ikifika usisubiri kuche, mbio hapa. Nikamjibu mimi mtaa mzima hakuna anayenishika kwa mbio. Akaniuliza, ukiwa umembeba?

Nikameza utani niliokuwa nao. Mimi!

Dada yeye anasema mume wake atarudi kabla. Mume wake aliondoka na malori ya mizigo pamoja na baba yetu, tangu hapo simu zao hazipatikani. Nimemwambia ndiyo, atarudi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza Bibi. Alikuwa anachambua mchele. Alinyamaza muda hata nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti ya mnada. Akasema, “Mjukuu wangu, kiziwi si mimi.”

Akaeleza. Naandika kama alivyosema maana sijui niipambe vipi.

Baada ya kura ya Bwana Usingizi, walikuja makarani na chaki. Mlango kwa mlango: mko wangapi humu? Watu hawakujua kinachokuja. Babu alikuwa mtu wa haki, mtu wa kiwandani, anaamini serikali kama anavyoamini king'ora cha saa moja. Akawataja wote. Watoto, mama yake, shemeji zake, mpangaji wa uani. Akafikia mpaka tumbo la Bibi. Eti na huyu mwandikeni, ana haki yake. Karani akacheka, akaandika. Wakaweka namba ya chaki mlangoni.

Nyumba zenye namba kubwa ndizo zilizobomolewa. Yetu ilikuwa ya kwanza, kwa sababu namba yake ilizidi za nyumba zote.

Shangazi alizaliwa chini ya turubai. Mvua kama hii. Ndiye yule aliyehesabiwa tumboni. Babu aliishi miaka mingine mingi lakini hakuwahi tena kutaja idadi ya kitu chochote. Akikutuma mayai alikuwa anasema, “Leta ya kutosha.”

Tangu siku hiyo kisigino cha soksi hakijamwambia karani ukweli. Baba kamfundisha mwana. Sensa ikija, watu wanaingia uvunguni, wanapanda darini, wanakwenda relini kuokota makaa. Mwaka juzi mimi mwenyewe niliwachukua watoto wa mtaa mzima, nikawaficha kiwandani kwenye mashine zilizooza kwa kutu, tukacheza kombolela mpaka jioni. Nilisifiwa! Nilipewa soda!

Kumbe ile ndiyo sensa. Hiyo ndiyo hesabu wanayotulisha sasa. Tume haikudanganya. Sisi ndio tuliowaambia hatupo.

Nikamwambia Bibi, basi kikaoni tuseme tu tulijificha. Akaacha mchele. Aliniangalia kama nimetapika kwenye ungo.

“Ukisema hivyo wewe si wa nyumba hii.”

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Shangazi. Anajua! Anajua siku zote, mwaka juzi alikuwa uvunguni yeye pia, na udiwani wake, visigino vinachungulia nje. Kasema hawezi kusimama mbele ya tume na kusema wapiga kura wangu ni waongo na mimi ni wa kwanza. Tutasoma historia, tutalia kidogo, labda watatuonea huruma.

Sifa moja ya Shangazi ni kwamba hajidanganyi. Akisema “labda” anamaanisha hapana.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao kilikuwa ukumbi wa shule. Viti vya watoto, magoti yetu masikioni. Mbele, tume: mwenyekiti mwanamke wa miwani, mpole, sauti kama anakusomea majibu ya hospitali, pembeni yake kijana wa kompyuta ambaye hakuinua macho hata mara moja.

Tulijaa. Tulijaa mpaka madirishani, watu wanatoa mvuke kama nguo mbichi. Shangazi alisema vizuri. Kisha nikaitwa mimi, mwanahistoria. Nikawapa soksi, nikawapa joho la mapazia, nikawapa Bwana Usingizi na chai yake. Ukumbi ulivunjika! Hata mwenyekiti aliziba mdomo. Nikaona nimeshaliokoa jiji zima, nikaanza kufikiria sanamu yangu wataiweka wapi.

Mwenyekiti akashukuru. Akasema kwa upole uleule: historia yenu inagusa, ila sheria haiulizi historia, inauliza idadi. Idadi iliyopo haitoshi.

Mtu akapiga kelele nyuma: tuko wengi, si unatuona?

Akasema, nawaona. Lakini sensa iliwauliza nyinyi wenyewe. Kuna mwenye maelezo?

Hakuna mkono ulioinuka, ukumbi ule wote. Wembe anaangalia kucha. Bibi katika mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo. Shangazi kafungua mdomo, kaufunga. Nikamwona Dada amekaa kile kiti cha mtoto, tumbo limemfikia magotini, anapumua kwa mdomo.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu.

“Tulijificha,” nikasema. “Wote. Mimi niliwaficha watoto.”

Ilitoka sauti ukumbini, sijui niiiteje, kama watu wamemwagiwa maji ya baridi. Kijana wa kompyuta akainua macho kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu mara ya mwisho tuliposema ukweli mlikuja na buldoza. Akavua miwani. Wakanong'onezana. Uamuzi: Jumamosi ya tarehe 22 makarani wao watapita mtaa mmoja tu, mtaa wetu. Wakikuta watu wanaowazidi sana wale wa sensa, kata nzima itahesabiwa upya na kiti kitasubiri. Wakikuta ni walewale, imekwisha, na atakayekuja tena na hadithi ya kujificha hatasikilizwa. Akaahidi hakuna nyumba itakayobomolewa.

Nyuma, mzee mmoja akajibu taratibu tu: ndivyo walivyosema na wale wa chaki.

Nje Shangazi alinishika shingo. Nikajua napigwa. Hakunipiga. Alinishika hivyo mpaka tukafika nyumbani, kama mtu anayeshika mlingoti.

Ijumaa, 14 Machi

Bibi hasemi na mimi. Chakula changu ameweka mlangoni, sahani imefunikwa. Hata sahani imenipa kisogo.

Jumatatu, 17 Machi

Jina langu jipya mtaani ni Maiki. Watoto wananifuata wakiimba “Maiki, Maiki, tutaje!” Zamani ningewakimbiza. Leo nimewaacha waimbe.

Nimepita nyumba kwa nyumba na Shangazi. Anaongea kwa upole ambao sikujua anao. Jumamosi msijifiche, anasema. Kaeni milangoni, wote, mpaka wachanga. Watu wanaitikia vizuri sana, ndiyo mheshimiwa, bila shaka mheshimiwa. Wanatukaribisha viti. Ukiondoka unasikia komeo.

Wembe ndiye aliyekuwa mkweli. Kasema: “Diwani, mimi nakupenda, na nitakupigia kura mpaka nife. Lakini mkunga hunihusu mara chache, na ukuta wangu ninao kila siku.”

Shangazi akamwambia mke wako je? Akasema, “Mke wangu ndiye aliyenifundisha kusema tuko wawili.”

Wana wanane.

Jumatano, 19 Machi

Mkunga ameambiwa aanze kufunga vitu vyake, kwa tahadhari tu. Kile kitanda cha kujifungulia kimeegemezwa ukutani. Kapima Dada, presha imepanda tena. Safari hii hakunitania.

Njiani kurudi nikamuuliza Dada, Jumamosi utatoka ukae mlangoni? Na tumbo lako hilo mbele, hata kipofu atakuhesabu.

Akasema, “Na wakibomoa, nitajifungulia wapi? Turubai?”

Nikasema mwenyekiti ameahidi. Akasema wewe ni mtoto. Mimi nilikuwa tayari nampelekea Mama daftari za shule asaini, wewe bado unatambaa, unalamba ukuta. Unajua nini kuhusu ahadi.

Tulitembea. Akateleza, nikamdaka. Tukasimama hivyo, mvua inapiga mwavuli. Akasema tena, polepole: nataka mkunga. Nataka na nyumba pia. Mbona wewe unanifanya nichague?

Si mimi, nikasema. Lakini sijui ni nani.

Ijumaa, 21 Machi

Shangazi leo halali kwetu, analala ofisini na makarani watakaoanza asubuhi, ili awaongoze yeye mwenyewe. Kasema wataanzia juu, watashuka bondeni. Kwetu watafika mchana. Kasema Bibi akisimama mlangoni na kututaja, mtaa wote utafuata, maana Bibi ndiye mwenye kidonda kikubwa kuliko wote. Ana uhakika. Mama yangu hawezi kunikana mbele ya karani, kasema.

Bibi leo kasema na mimi. Kaniambia kesho nimsaidie kusogeza kabati la chumbani kwake. Nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 22 Machi

Kabati halikuwa na shida yoyote. Nimeingia, Dada alikuwa tayari ndani, kitandani. Nikageuka, mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka. Nimesukuma, nimepiga teke, nimebembeleza — “Bibi mzuri, Bibi malaika” — kimya. Dirisha la chumba hiki lilitiwa matofali zamani, Babu aliliziba mwenyewe alipojenga upya.

Kwa hiyo naandika. Nifanye nini kingine? Taa ya simu ya Dada imewekwa juu ya godoro. Yeye ameegemea ukuta, miguu juu ya mto. Hasemi. Nimemwambia anisaidie kupiga kelele, kaniambia presha itampanda.

Mtaa umenyamaza. Sijawahi kuusikia hivi. Hakuna redio, hakuna mtoto, hakuna hata anayegombania maji bombani. Mvua tu.

Wanakuja. Nasikia buti kwenye matope na sauti ya Shangazi, changamfu kupita kiasi, kama anauza kitu. Nyumba ya kona: mko wangapi? Mzee na mkewe, basi. Nyumba inayofuata: mjane peke yake. Nyumba inayofuata haifunguliwi. Shangazi anagonga, anaita kwa majina ya utani. Anaita tena.

Kwa Wembe. Nasikia vizuri, ukuta wetu ni mmoja.

“Mimi na mke wangu tu, mama. Watoto hatukujaliwa.”

Na nyuma ya ukuta huohuo, karibu na sikio langu, nasikia watoto wake wanapumua.

Shangazi hachangamki tena.

Hodi kwetu. Fimbo ya Bibi sakafuni, polepole. Mlango wa mbele. Karani, mwanamke, sauti changa: shikamoo bibi, poleni na mvua, humu mnaishi wangapi?

Shangazi: “Mama. Ni mimi.”

Bibi: “Nakuona, mwanangu. Umelowa.”

“Waambie tu, Mama. Watoto wako ndani.”

“Watoto gani? Mimi ni mjane. Naishi na paka.”

Hata paka hatuna!

Nimefungua mdomo. Dada kaniziba na kiganja. Yeye! Kashika kwa nguvu, sikujua bado ana nguvu hizo. Naandika mkono wake ukiwa usoni pangu. Kiganja kina jasho, na tumbo lake limenigusa mgongoni. Kitu ndani kinapiga teke. Naweza kumng'ata. Naweza kumsukuma, lakini nimsukume vipi.

“Mama,” anasema Shangazi. Safari hii si sauti ya diwani. Simjui anayeongea hivyo.

Karani anageuza karatasi. Anauliza, basi naandika mmoja?

Anauliza mara ya pili. Dada amefumba macho, machozi yananidondokea shingoni, na hajauondoa mkono mdomoni pangu. Nasikia karani akisema: haya, mmoja.